Jumba Lisiloinama

Watu wa Wimani hutembea wameinama kidogo upande wa mashariki, na mgeni anayetembea wima huonekana kwao kama mlevi. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolijua Fundi Chande siku aliyoingia nchi ile. Kabla hata hajaomba maji ya kunywa, mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya njia alimwonea huruma, akamwita, "Kaka, njoo ukae, usije ukaanguka."

Jinsi alivyofika huko hakuna haja ya kuisimulia. Kazi ilikuwa imeadimika kwao, akasikia kuna nchi inajenga mwaka mzima bila kupumzika, akafunga vifaa vyake akaenda. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi, na katika vifaa vile mlikuwa na timazi. Kwa wasiojua, timazi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye uzi. Fundi hukining'iniza kando ya ukuta, na uzi humwambia kama ukuta umesimama sawasawa au umelala. Hata mtoto anaweza kuitumia. Lakini kule Wimani uzi ule ulikuwa jambo zito kuliko bunduki, na sababu yake ilikuwa Jumba.

Jumba lilisimama katikati ya mji, ghorofa ishirini za mbao, na lilikuwa limeinama upande wa mashariki kiasi kwamba hata kipofu angelijua, kwa jinsi lilivyolia upepo ukivuma. Humo ndimo ilimohifadhiwa nafaka ya nchi nzima. Kila familia ikivuna ilipeleka mtama wake Jumbani kwa amri, ikapewa kibao kilichochongwa kipimo chake, na kibao hicho ndicho kilichonunua chumvi, nguo, dawa, hata mahari. Mwenye Jumba alikuwa Bwana Hamdani, mtu asiyewahi kupanda shina moja la mtama maishani mwake, na kila mwaka aliongeza ghorofa.

Sheria ya kwanza ya nchi, iliyochongwa juu ya mlango wa kila ofisi, ilisema: Jumba ndilo wima. Haikusema Jumba liwe wima. Ilisema ndilo. Kwa hiyo kila kisichofuatana na Jumba ndicho kilichopinda. Nyumba za watu wa kawaida, nyumba za msonge zenye nguzo moja katikati, zilizosimama vyema tangu enzi za mababu, zilikuwa kisheria zimeinama upande wa magharibi. Na kadiri Jumba lilivyozidi kulala ndivyo nyumba hizo zilivyozidi kuwa na hatia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mama wa vitumbua aliitwa Mwatima, naye ndiye aliyempangisha Chande pembe moja ya nyumba yake. Chini ya kikaango chake aliweka jiwe upande mmoja ili mafuta yakubaliane na sheria. Matokeo yake vitumbua vyake vilikuwa vinene upande huu na vimeungua upande ule, na wateja walivipenda hivyo hivyo, kwani hawakuwahi kuviona vya namna nyingine. Maji aliyaweka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba na kifuniko. Chande alipoomba beseni la kunawia, Mwatima alitazama mlangoni kwanza.

"Beseni tulinyang'anywa," alisema. "Maji yakikaa wazi yanajilaza yanavyotaka yenyewe. Serikali inasema maji ni mchochezi."

Chande alicheka. Mwatima hakucheka.

Ndani ya nyumba, chini kabisa ya nguzo ya kati, kilikuwepo kitanda, na kitandani alilala mumewe, Ngwale, mwaka wa pili sasa. Alikuwa mjenzi wa Jumba mpaka siku alipoteleza kutoka ghorofa ya kumi na tisa akavunjika mgongo. Mganga alikuwa amesema asinyanyuliwe wala asihamishwe. Basi mkewe alimlisha pale, akamwogesha pale, na nguzo ile iliyoshika paa lote ilikuwa karibu na kichwa chake kiasi kwamba aliweza kuishika akinyoosha mkono. Maumivu yakimzidi aliishika kweli.

Siku ya tano akaja Mkaguzi wa Unyofu. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kofia na fremu ndogo ya mbao. Alisimama uani, akafumba jicho moja, akalipima Jumba kwa fremu, kisha bila kuigeuza fremu akaipima nyumba.

"Mama Mwatima," alisema kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya, "mwaka jana mlikuwa vidole viwili. Mwaka huu vinne. Mnaishi kwa kuinama mno."

"Bwana mkaguzi, hatujagusa kitu. Nyumba ni ile ile."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Wenzenu wanajirekebisha, nyie mmekaa vile vile." Akaandika. "Adhabu ni nguzo ya kati. Watakuja kuing'oa baada ya siku saba. Inakwenda kuliegemeza Jumba, kwa hiyo ni kwa faida yenu wenyewe. Nafaka yenu si imo humo?"

"Imo," alisema Mwatima.

"Sasa likianguka mtakula nini?"

Swali lile halikuwa na jibu. Huo ndio ulikuwa ujanja wake. Mwatima aliangalia mlangoni mwa nyumba, ambako mguu wa kitanda cha mumewe ulionekana, akasema kwa sauti ya chini, "Nguzo ikitoka paa linamwangukia Ngwale."

"Mhamisheni."

"Hahamishiki."

Mkaguzi alisikitika, na Chande aliyekuwa akimtazama aliona kwamba masikitiko yake hayakuwa ya uongo. Alikuwa tu hana nafasi ya kuandikia jambo hilo katika fomu yake.

Hapo Chande akashindwa kujizuia. Akaitoa timazi, akaining'iniza mbele ya mwimo wa mlango. Uzi ulitulia, ukafuatana na mwimo kutoka juu hadi chini bila kuachana hata kwa unene wa ukucha. "Bwana mkubwa," alisema, "nyumba hii iko sawa. Kilicholala ni kile pale."

Mkaguzi aliruka akaifunika timazi kwa kofia yake. "Ficha! Ficha, ndugu yangu! Unataka watu wafe?" Kisha, kwa kunong'ona, akamweleza habari za mwaka ambao mpumbavu mmoja alining'iniza jiwe kwenye kamba sokoni. Watu walitazama jiwe, wakatazama Jumba, wakakimbilia ngazi na vibao vyao mkononi kudai mtama wao, wote siku moja. Ngazi zilikatika. Walikufa mia mbili na kitu. "Tangu siku hiyo," alimaliza Mkaguzi, "tunajua hatari ya mawe yenye kamba."

Alipoondoka, Ngwale aliita kutoka kitandani. Alikuwa amesikia yote.

"Fundi mwenzangu, kaa hapa nikwambie. Ghorofa ya kumi na tisa nimeijenga mimi kwa mikono hii. Unajua boriti zake zilitoka wapi? Ghorofa ya pili. Tulikuwa tunazing'oa chini tunazipandisha juu. Miti mipya ni ghali, na Bwana Hamdani alikuwa na haraka."

"Na ghorofa ya pili mkaishikiza kwa nini?"

"Kwa rangi," alisema Ngwale. "Tulipaka rangi nzuri sana. Wakaguzi waliisifu."

"Ukayasema haya kwa watu?"

"Nilipokuwa mzima nilikuwa nalipwa. Nilipovunjika nikajaribu. Sheria inasema mtu aliyelala hawezi kutoa ushahidi kuhusu mambo ya wima."

Mwatima alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika tama. Aliposema, alisema kwa Chande, si kwa mumewe. "Mgeni ana siku thelathini za kusema bila kuadhibiwa. Ni sheria pia. Shemeji, nakuomba. Nenda kawaambie Barazani. Wewe unaweza kusimama."

Chande aliona aibu kwa vile alivyowacheka siku ya kwanza. Akakubali.

Baraza lilikutana katika ghorofa ya kumi na tano ya Jumba lenyewe. Chande na Mwatima walipanda ngazi, na kila ghorofa waliyoipita ilikuwa na mbao chache chini na mapambo mengi juu. Katika ukumbi, viti vilikuwa vimepigiliwa misumari sakafuni, na kila mjumbe alikuwa amejifunga kitini kwa mkanda wa ngozi uliodariziwa vizuri. Meza zilikuwa na kingo za kuzuia karatasi zisiteleze. Kidau cha wino cha Katibu kilifungwa kwa mnyororo. Chungwa la mjumbe mmoja lilimponyoka, likabiringika mashariki mpaka ukutani, na wajumbe wote wakatazama dari mpaka liliponyamaza.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Waziri wa Unyofu, mama wa makamo mwenye macho yaliyochoka. Kulia kwake aliketi Bwana Hamdani, mnene, mchangamfu, akimkaribisha kila mtu kama aliye harusini. Kushoto aliketi mtu mwembamba aliyeitwa Daktari wa Mielekeo, mtaalamu mkuu wa nchi katika mambo ya kuinama kwa nyumba za watu.

Ajenda ilikuwa moja: maji yamezidi unga. Katibu hakuisema hivyo. Alisema, "Changamoto za muda za uegemeaji." Lakini aliposoma taarifa, ilikuwa kwamba mwaka ule Jumba lilihitaji kuegemezwa kwa nguzo elfu nne, na mwaka uliotangulia lilihitaji elfu moja. Mjumbe mmoja akauliza kama ingefaa Bwana Hamdani asijenge ghorofa ya ishirini na moja mpaka hali itulie. Bwana Hamdani akajibu kwa huzuni kwamba yeye angependa sana, lakini Jumba lisipokua watu watauliza kwa nini halikui, na wakishaanza kuuliza watakuja na kamba zao. Wajumbe wakapiga makofi. Mwingine akauliza kwa nini wananchi wanaacha nyumba zao ziiname kiasi hiki. Daktari wa Mielekeo akazungumza nusu saa. Kwa kifupi alisema kwamba ni malezi.

Chande aliitwa. Alieleza habari ya boriti, ghorofa ya pili na rangi, kisha akasogea ukutani, akainyanyua timazi. Uzi ulipotulia, risasi ilikuwa imeachana na ukuta kwa shibiri mbili nzima. Mjumbe mmoja mzee alifumba macho. Kwa dakika moja hivi, Mwatima aliamini kwamba mumewe amepona.

Kisha Daktari wa Mielekeo alikohoa. "Uzi umeinama," alisema.

Ikapendekezwa kura. Wajumbe thelathini na mmoja walikubali kwamba uzi umeinama, watatu walijizuia kupiga kura, hakuna aliyepinga. Mjumbe mzee aliyefumba macho alinyoosha mkono bila kuyafumbua. Waswahili tunasema penye wengi hapaharibiki neno, lakini aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kukaa katika baraza lenye mikanda.

Basi kikao kikaahirishwa kwa chakula, na Waziri akamfanyia Chande ishara abaki. Mwatima akabaki naye. Mlango ulipofungwa, Waziri alijifungua mkanda, akashika ukingo wa meza ili asimame, na akasema, "Fundi, unadhani sisi hatuna macho?"

Chande akaikunja timazi yake.

"Tunajua. Wote tunajua. Yule Daktari anajua zaidi kuliko wewe, usiku halali." Alizungumza kama mtu anayetua mzigo, ingawa hakuutua mbali. "Lakini ghorofa za kati zina chakula cha familia elfu arobaini. Nikisimama sokoni nikasema Jumba limeinama, jioni ngazi zote zitakuwa zimejaa watu, na litaanguka kweli. Nikisema halijainama, litaanguka siku nyingine. Ungekuwa wewe ungechagua siku gani?"

"Ningebomoa ghorofa tatu za juu," alisema Chande, "boriti zirudi chini. Kazi ya miezi miwili. Mtama hauguswi, na haitang'olewa nguzo ya mtu hata moja."

Waziri alimtazama kwa muda mrefu. Chande alidhani anapiga hesabu za kazi. Kumbe alikuwa anamwonea huruma.

"Ghorofa tatu za juu anakaa nani, fundi?"

Chande hakujua.

"Ya ishirini ni ya Bwana Hamdani. Ya kumi na tisa ya wajumbe. Ya kumi na nane yangu na ya Daktari." Akatabasamu kidogo. "Nilipendekeza mara moja, nilipokuwa mjumbe mpya. Waziri wa wakati ule alinisikiliza vizuri sana. Mwaka uliofuata nikapewa chumba ghorofa ya kumi na nane. Kina dirisha zuri. Ukikaa mle, Wimani yote inaonekana imesimama wima."

Hapo Mwatima akapiga magoti. Si desturi ya Wimani kupiga magoti. Watu wale wakiinama huinama upande. "Mheshimiwa," alisema, "mimi sijui mambo ya boriti. Nina mume amelala chini ya nguzo. Mkiing'oa atakufa. Nisaidie hilo moja tu, mengine endeleeni nayo."

Chande alitaka kumkataza asiseme vile, *mengine endeleeni nayo*, kwa sababu aliona macho ya Waziri yakichangamka. Mtu aliyezoea milango iliyofungwa alikuwa ameona dirisha.

"Hilo linawezekana," alisema Waziri. "Hatutaing'oa. Tutaikata nusu."

Mchana ule ule Baraza lilipitisha, kwa kauli moja, kwamba kwa kuzingatia utu na ubinadamu nguzo za wananchi zising'olewe bali zikatwe katikati. Nusu ya juu itakwenda Jumbani, na paa litashushwa likae juu ya nusu iliyobaki. Daktari wa Mielekeo alithibitisha kisayansi kwamba nyumba fupi haina mahali pa kuinamia. Bwana Hamdani alitokwa na machozi. Na kwa kuwa kila mpango unahitaji jina, na jina la mgeni huaminika kuliko la mwenyeji, waliuita Mpango wa Chande.

Kesho yake wapiga mbiu walizunguka mitaani. "Mtaalamu kutoka nchi za mbali amelikagua Jumba kwa chombo chake cha kisasa! Ameshauri nguzo zikatwe nusu! Heri nusu shari kuliko shari kamili!" Watu walitoka nje kushangilia. Walikuwa wamejiandaa kupoteza nguzo nzima, na sasa wanapoteza nusu. Ilikuwa kama wamepewa. Majirani walimletea Chande mayai. Mzee mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Chande aliyapokea mayai yale kwa sababu hakujua namna ya kuyakataa, na mimi ninayesimulia sijui pia ningefanya nini.

Alipiga kelele, hilo lazima lisemwe. Alikwenda sokoni akasema yeye hakushauri hivyo. Watu walimsikiliza wakitabasamu, wakasema mtaalamu huyu ni mnyenyekevu. Akasema Jumba limelala. Tabasamu zikakoma, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamwambia kwa ukali, "Wewe si huna kibao humo? Sisi tunavyo. Nyamaza." Na hakuna aliyezungumza naye tena mpaka alipotoka sokoni.

Siku ya tatu vikosi vya ukataji vikaanza kazi. Walikuwa vijana waliokodiwa, wamepewa mashoka na hesabu ya nyumba kwa siku. Walipiga shoka katikati ya nguzo mpaka ikavunjika, paa likaanguka lenyewe, wakaichomoa nusu ya juu wakaenda nyumba ya pili. Katika mtaa wa kwanza walikufa mbuzi watano na bibi mmoja kiziwi ambaye hakusikia akiambiwa atoke. Serikali ilitoa rambirambi.

Mwatima aliyaona mambo yale kwa macho yake, akarudi nyumbani anakimbia. Alimkuta Chande akikunja nguo zake.

"Unaondoka?"

"Twende wote. Nitatengeneza machela, tumbebe polepole."

"Tumbebe twende wapi, shemeji? Kibao chetu ni cha hapa. Tukivuka mpaka, kinakuwa kuni." Alisema bila hasira. "Na Ngwale atafia njiani, unajua hilo."

Ngwale alikuwa macho, ameishika nguzo. Alisema, "Mwambie unachotaka kumwambia, mke wangu."

Mwatima akavuta pumzi. "Vijana wanafika huku kesho asubuhi. Wakikata wao, atakufa. Kama ni lazima ikatwe, ikate wewe."

"Mimi nilikwenda kuizuia isikatwe!"

"Umeizuia nusu," alisema Mwatima.

Maneno yale yalimchoma Chande. Alitoka nje, akakaa uani mpaka jua likapanda utosini, na hakuna jambo lolote alilolipata huko ambalo hakulijua alipokuwa ndani. Kisha aliingia, akavua shati.

Aliifanya kazi ile kama alivyofundishwa na bwana wake wa zamani kuzifanya kazi ngumu, yaani bila haraka. Alisimika miti minne ya muda kuzunguka kitanda, akaibana kwa kabari mpaka uzito wa paa ukahamia juu yake. Alifunga kamba kwenye fito. Alikata nguzo kwa msumeno, si kwa shoka, kidogo kidogo, huku Mwatima akikinga vumbi lisiingie machoni mwa mumewe kwa upande wa khanga. Nusu ya juu ilipotoka, ilitoka bila kishindo. Halafu akaanza kulegeza kabari, moja moja kwa zamu, paa likashuka upana wa kidole, akazunguka, likashuka tena, mpaka likakaa juu ya nusu iliyobaki. Hakikudondoka hata kipande cha unyasi. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, na alijichukia kwa kuona usafi wake.

Sasa ndani ya nyumba mtu hakuweza kusimama. Mwatima alitambaa mpaka kitandani. Paa lilikuwa juu ya pua ya Ngwale kwa urefu wa mkono.

"Tumepona?" aliuliza Mwatima.

Ngwale alilitazama paa. "Mpaka mwakani," alisema. "Bandubandu huisha gogo." Kisha akainyoosha shingo akaangalia mahali nguzo ilipokatwa, na fundi aliyekuwa ndani yake akaamka kidogo. "Umekata vizuri."

Kulipokucha Chande alitambaa kutoka nje, akajinyoosha. Vijana wa kikosi walikuwa wamefika wakitaka nusu yao, wakaipakia kwenye mkokoteni juu ya nyingine. Aliufuata mkokoteni ule kwa macho. Ulipita mtaa, ukapita soko, ukafika chini ya Jumba, upande wa mashariki ambako nguzo za kuegemeza zilitakiwa kusimikwa. Haukusimama. Ulizunguka mpaka kwenye kapi na kamba za wajenzi, na nguzo zikaanza kupandishwa, moja baada ya nyingine, nyepesi, zikipita madirisha ya ghorofa ya kumi, ya kumi na tano, ya kumi na nane, mpaka juu kabisa ambako mafundi walikuwa wakizipokea kwa nyimbo. Ghorofa ya ishirini na moja ilikuwa imeanza.

Alipogeuka, alikuta watu wamejipanga uani kwa Mwatima. Walikuwa kama thelathini, majirani, wengine amewahi kula mayai yao. Waliokuwa mbele walikuwa wamechungulia ndani wakamwona Ngwale akipumua. Mwanamke aliyemfokea sokoni alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mtoto bado yuko mgongoni.

"Fundi," alisema, "kwangu wanakuja kesho."

Chande alinyoosha kidole kuelekea Jumbani. "Umeona nguzo zinakokwenda? Zile si za kuegemeza. Wanazipandisha juu. Mnaona wenyewe, zinapandishwa juu!"

Mwanamke yule aligeuka akatazama. Wote waligeuka wakatazama, kwa muda wa kutosha, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hakuona.

"Tumeona," alisema mwanamke. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Lakini paa langu linaangushwa kesho asubuhi, na nina huyu."

Chande aliwatazama wote thelathini, walivyosimama wameinama pamoja upande mmoja. Akachukua vifaa vyake, akamuuliza nyumba yake ni ipi.